Wali wa Khitma Ndani ya Pipa la Nyungunyungu

Mama,

Nimemkosea Riziki. Nnaanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unanijua nikianza kuzunguka. Nimemkosea mdogo wangu, kitinda mimba wako, mbele ya watu, na mpaka saa hii nnapokuandikia anayejua ni mimi na yeye tu. Sasa na wewe.

Assalamu alaikum, Mama. Mungu alinawirishe kaburi lako.

Nimekaa juu ya nyumba yako hapa Mkunazini, pale kwenye sakafu, baina ya tangi la maji na kamba ya kuanikia. Jua la alasiri limeshapungua ukali. Nimekalia kile kigoda chako cha kuchumia asumini, ambacho ulikuwa hutaki mtu akikalie. Nisamehe na hilo pia. Mwanzo nlitaka nikwambie kaburini. Nlikwenda, nikasoma Fatiha, nikapangusa vumbi kwenye magoti, nikarudi. Nikaenda tena, vilevile. Mdomo wangu ushazoea kunyamaza. Mkono nadhani haujazoea bado, ndiyo nikachukua karatasi.

Ulikuwa ukinambia, "Sule, usinipe mwisho wa maneno, nipe mwanzo wake." Haya, mwanzo wake ni lile kopo la maziwa ya unga.

Unaikumbuka siku uliyotoka Jozani nalo? Ulikwenda kumtazama mgonjwa, ukarudi na nyungunyungu. Kuna mama wa kule alikuwa akiwafuga kwa bustani yake, akakugaia kiganja, nawe ukawapakata mpaka mjini kama umebeba haluwa. Ulipofungua kifuniko, mke wangu Salma alipiga ukelele mpaka jirani akauliza nani kafa. Riziki ndiye aliyetia kidole. Mie nikasimama mbali, nikasema, Mama, mavi ya wadudu hayo, utayaweka juu tunapoanika nguo za kusalia? Si najisi hiyo? Ukanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Basi leo mchicha usile," ukanambia, "maana ule umelelewa na ng'ombe." Riziki alicheka mpaka akakaa chini.

Pipa nlilitoboa mimi. Hilo nnajivunia. Lile la bluu, nlilitoboa kwa drili yangu ya kazini ninayotobolea kuta za viyoyozi, matundu chini na matundu ubavuni, nikaliweka juu ya matofali na beseni chini yake la kukinga maji yanayochuruzika. Mchango wangu uliishia hapo. Kulisha, kufunika, kuchekecha, hayo yakawa yenu wawili. Maganda ya ndizi na ya viazi. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Maganda ya mayai uliyoyatwanga kwenye kinu kidogo cha bizari mpaka Salma akaapa hatotia tena bizari ndani yake. Boksi zilizorowekwa zikalainika. Na chumvi, marufuku. Ndimu, marufuku. Mafuta, nyama, chochote kilichopita jikoni, marufuku. Siku moja Salma alikupandishia ubwabwa uliobaki, akidhani anakufurahisha, ukamrudisha ngazini. "Hawa hawali mezani, mwanangu. Wape kilichomenywa, usiwape kilichoungwa."

Mimi nlikuwepo siku hiyo, Mama. Nlikuwa nimelala chini ya tangi natengeneza boya. Nlisikia. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Na maua yalivyokuja! Madebe ya samli, ndoo za rangi, vyungu vilivyopasuka midomo, vyote vikajaa. Mrehani ulikuwa ukiugusa kwa nguo tu, unashuka na harufu yake mpaka chini. Asumini yako ilikaa nyeupe mpaka asubuhi ya pili wakati za wenzio zilikuwa zimeshageuka rangi ya chai. Wanawake wakija Alkhamisi jioni kutaka vishada vya asumini na mrehani vya kuchomeka nyweleni, wanauliza, "Bi Mize vikuba vipo?" na ukisema vimekwisha wanakasirika kana kwamba umewanyima haki yao. Nyinyi wawili mlikuwa mkitumia ile mboji nyeusi ya pipani kidogokidogo, gao moja, kiasi cha kujaa kiganja, kuzunguka ukingo wa chungu, mbali na shina, unafunika kwa udongo, unatia maji, unaondoka. Nlikuwa nakuuliza mbona kidogo hivyo, si ipo tele? Ukasema mtu hatiliwi tonge mpaka kooni.

Riziki alijifunza kwako yote. Ulivyomfundisha sijasahau. Alirudi nyumbani ndoa ya pili imevunjika, kabeba begi moja, hasemi, hali. Majirani walikuja na pole zao, na shangazi zetu na maswali yao. Wewe hukumwambia pole. Ulimpandisha juu ukampa chekeche. Akachekecha mboji mpaka magharibi, akashuka na kucha nyeusi, akaomba chai na mkate. Tangu siku ile maua yakawa ndiyo kazi yake, ndiyo tonge lake, na ndiyo sababu yake ya kuamka.

Kisha ukawa huwezi tena ngazi. Riziki akawa anakushushia mboji kiganjani, unainusa kitandani umefumba macho. "Bado, hii inanuka chakula. Iache." Au, "Hii tayari. Inanuka mvua." Na siku ile uliyotuita sote wawili ukasema, "Maua ni ya Riziki. Sule atamsaidia kubeba maji."

Nikwambie kweli? Iliniuma. Mwanamume mzima, mkubwa wa nyumba, nimeachiwa kubeba maji. Nlicheka pale, nikasema sawa Mama, lakini iliniuma na sikumwambia mtu. Ila wewe uliona, ukanichokoza palepale: "Usinune. Tangu waje nyungunyungu, hata ganda la ndizi hujawapa."

Sasa nakuja kwenye penyewe.

Khitma yako ilijaa, Mama. Watu walikaa mpaka barazani, na wengine wakasimama njiani. Ilisomwa Yasini, ikaombwa dua ndefu, zikashushwa sinia. Pilau ilikuwa nzuri, ungeilaumu chumvi kama kawaida yako lakini ilikuwa nzuri. Majirani wote waligaiwa. Kilichobaki ni kile cha mwisho, mabaki ya kwenye sinia, kilichokwisha kupita mikono ya watu: wali, mifupa, kachumbari, achari ya ndimu. Si cha kumpa mtu. Salma kwa machovu akasema kitie mfukoni kiende jaani. Riziki alikuwa kalala chumbani kwako, homa imempanda kwa kulia.

Mimi sikuweza kukipeleka jaani. Chakula kimesomewa, kimetajiwa jina lako, halafu nikitupe kwa paka na kunguru? Niliona kama nnakutupa wewe. Nikabeba ile ndoo nikapanda nayo juu, nikafunua pipa, nikamimina yote. Ndoo nzima, na achari yake. Nikasema kwa sauti, "Kuleni, hii ni sadaka ya Bi Mize." Nikafunika. Halafu nikakaa palepale sakafuni nikalia. Nlikuwa sijalia tangu ulipofariki, Mama, kwa sababu ya kupokea watu, kuchimba kaburi, kutafuta sinia za kuazima. Nlilia nikahisi nimekufanyia jambo. Zaidi ya kubeba maji.

Nikamwambia Riziki, "Wewe pumzika, usipande juu, mie nipo." Akanishukuru. Akanambia Mungu akupe afya, kaka.

Siku zilizofuata nlikuwa nnapanda baada ya kazi, namwagia maji, nashuka. Harufu nliisikia mapema lakini nikajiambia ni mtaro. Kisha ikawa haiwezekani tena kusema ni mtaro. Nikafunua pipa. Sitakuelezea yote. Kulikuwa na joto linapanda ndani kama limepikwa, na wale viumbe wako walikuwa wamepanda ubavuni kutafuta pa kutokea, wamekufa wameganda pale, kwenye matundu nliyoyatoboa mimi.

Ningeshuka ngazi hapo hapo. Riziki alikuwa chini anakunja kanga zako. Ngazi zenyewe unazijua, hazimalizi dakika. Ningesema, Riziki, nimefanya ujinga, njoo tuone. Angelia, angenigombeza, yangekwisha. Badala yake nikachukua koleo la mkono, nikaanza kuuchota ule uji nikaufukia kwenye vyungu. Chungu kimoja baada ya kingine. Nlijiambia mbolea ni mbolea, itaoza itakuwa udongo, maua yatashiba na mtu hatojua. Nlichotaka ni pipa liwe tupu. Nikaliosha, nikalipindua juu chini lionekane limepumzishwa.

Asumini ndiyo ilianza. Majani yaliungua pembeni, hudhurungi, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Mawaridi yakafuata. Mrehani ukaanguka wote kwa pamoja.

Riziki alipopata nguvu alipanda juu mwenyewe bila kunambia. Nlikuwa chini nnakunywa chai. Nlimsikia anatembea, halafu sikumsikia tena muda mrefu. Aliposhuka alikuwa kafumba mkono wa kulia. Akasimama mlangoni. "Kaka Sule," akaniuliza, taratibu kabisa, "nani kagusa pipa?" Nikasema sijui. Nikasema labda panya. Panya, Mama! Panya gani anayeosha pipa akalipindua? Alinitazama, kisha akasema, "Haya." Akapita na mkono wake umefumbwa vilevile.

Lau ningeishia hapo, ungekuwa uongo mmoja tu.

Ikaja siku ya kugawa nguo zako. Ami Haji alikuja, Shangazi Pili alikuja, na jamaa wa Jang'ombe. Kanga ziligawiwa, buibui zikagawiwa. Shangazi Pili akasema yeye nguo hataki, anataka chungu kimoja cha asumini kiwe ukumbusho. Wote wakapanda juu pamoja naye, wanatweta ngazini, wanataniana nani atabebwa. Walipofika, utani ukakatika. Juu ya sakafu yako hakukuwa na jani la kijani. Ami akageuka. "Nani alikuwa akiyatazama haya?"

Mama, alikuwa akituuliza sote. Nlikuwa na nafasi. Nikasema, "Maua yaliachiwa Riziki."

Si kweli? Kweli tupu. Uliacha wasia mwenyewe, na nlisimama nyuma ya wasia wako nikajificha.

Shangazi Pili unamjua, hapewi upenyo. "Si nlisema mimi!" akapiga kofi. "Huyu mtoto ana mkono wa moto. Ndoa mbili zishamkaukia, leo maua ya mamaake. Kila akishikacho, majivu." Wengine walicheka kidogo, kile kicheko cha aibu, wengine wakatazama chini. Ami akasema, "Pili, basi," lakini hakulikanusha. Riziki aliinua uso. Alinitazama mimi. Si kwa hasira, wallahi bora ingekuwa hasira. Alinitazama kama anayemngoja mtu amalize kufunga viatu. Nami nikageuka nikatazama boya la tangi.

Asubuhi yake alikwenda Chwaka, kwenye nyumba yenu ya zamani, kwa Mama Mdogo. Anafunga mwani na kina mama wa kule. Salma akimpigia simu anajibu, "Mzima, nnafunga mwani, nisalimie wote." Mimi sijampigia. Alichukua begi lilelile moja. Sindano yake ya kutungia asumini kaiacha imechomekwa kwenye pazia la mlango wa chumba chako, na uzi wake.

Baada ya kuondoka yeye ndipo neno lilipoota miguu. Alkhamisi moja mama mmoja alikuja kuulizia vikuba vya arusi. Nikamwambia havipo, lakini dada yangu akirudi atamtungia. Akasema, "Yule mwenye mkono wa moto? Hapana baba, arusi ya mwanangu naitaka idumu." Akaondoka zake. Nikabaki mlangoni. Neno lilishatoka juu ya sakafu likashuka ngazi likaingia mtaani, na mtaani kwetu kulirudisha ndani si rahisi. Dada yangu hata akirudi atamuuzia nani? Hana kazi nyingine, Mama. Hana jina jingine.

Nlipanda juu siku hiyo kuviondoa vyungu. Nlikuwa nataka nivitupe vyote, nisivione. Nikasogeza debe moja la udongo mtupu lililo nyuma ya tangi, kivulini. Juu yake, chini ya tofali, kulikuwa na visahani viwili, kimoja kimefunika kingine, kuzuia kunguru. Vile vyako vyenye ua la buluu.

Nikafunua. Zilikuwa punje za wali. Zimeoshwa, zimekaushwa, zimekusanywa katikati. Karafuu. Vijiti vya mdalasini. Kifupa kidogo cha nyama, nacho kimeoshwa. Kipande cha ganda la ndimu.

Alizichagua kutoka kwenye udongo, Mama. Punje moja moja, kwa vidole vyake. Alijua ni pilau ya nini, maana pilau nyingine haikupikwa nyumba hii. Alijua chakula kimesomewa, naye pia hakuweza kukitupa. Na nadhani nlichokiona siku ile kafumba mkononi ni hizi. Alikuja nazo mlangoni. Angeufungua mkono tu. Angeufungua mbele yangu, au siku ile mbele ya Ami na Shangazi, akasema tazameni, huu ni wali, na aliyebeba ndoo ni kaka. Hakuufungua. Aliningoja mimi nifungue mdomo.

Nlikaa chini. Sikulia safari hii. Aibu haina machozi, Mama, inakauka hapa kifuani tu.

Sasa nikupe habari nyingine, maana nnajua unataka kuuliza maua.

Sikuvitupa vyungu. Nlivimwaga kimoja kimoja. Udongo wa juu uliooza niliutoa nikaenda kuufukia mbali, kwenye kiwanja cha rafiki yangu Jang'ombe, shimo refu. Mizizi nikaisuuza kwa maji mengi, nikayaacha yapite, nikatia tena, mpaka yanayotoka chini yakawa hayana harufu. Uliniachia kubeba maji, basi nimebeba. Nlikata vilivyokauka mpaka nilipoona ukijani ndani ya kijiti. Vingine nikakata mpaka chini kabisa sikuona kitu. Mawaridi yameondoka yote, pole. Mrehani umekufa, lakini mbegu zake zilikuwa zimeanguka kwenye ufa wa sakafu na zimeota zenyewe, vimiche vidogo kama sisimizi.

Asumini tano zimebakisha uhai. Ile ya debe la samli lililobonyea ina vichipukizi, na kimoja kimeshafungua majani mawili. Nimeyahesabu mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Na ule mfuko wako wa gunia uliotundika msumarini nyuma ya mlango wa ngazi, ule wa mboji iliyokwisha kuiva, sikuugusa mwanzo kwa sababu nlikuwa siujui. Nikaufungua, nikatia mkono, nikanusa. Mama, inanuka mvua. Nlisimama pale na kiganja puani kama mwendawazimu. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya: gao moja, ukingoni, mbali na shina, nikafunika, nikatia maji, nikaondoka. Hiyo ya kuondoka ndiyo ngumu. Nlitaka nitie jingine.

Halafu hili, keti vizuri. Lile debe la nyuma ya tangi, lenye visahani, sikuwa nimelitilia ule uozo, halikuonekana. Limekaa jirani na mahali pa pipa. Nlipoliinua chini yake kukawa na unyevu, na kwenye unyevu kukawa na kitu kinajikunja. Walitoroka, Mama. Wachache. Walipita matundu ya chini, wakavuka beseni, sijui vipi, wakaingia kwenye debe kutokea chini. Wembamba, wekundu. Mimi, niliyekuwa nikisimama mbali, niliwaokota kwa mkono mtupu, nikazungumza nao. Salma alinisikia akadhani nipo na simu.

Nimewatia kwenye lile kopo la maziwa, lilikuwa bado lipo chini ya sinki. Nimewapa boksi lililoroweka, majani ya chai yasiyo na sukari, na ganda la ndizi. La kwanza langu, uandike huko. Jana nilifunua: ganda limebaki wavu tu. Nikafurahi peke yangu. Kisha furaha ikakatika, maana wa kumwambia yuko Chwaka.

Leo ni Jumanne. Kesho nimeomba ruhusa kazini. Nitakwenda Chwaka nifike kabla ya adhuhuri, maji yakiwa yametoka na kina mama wapo pwani na mwani wao. Sitamwita nyumbani pembeni. Nitamfuata hukohuko walipo wenziwe. Nitampa kopo, nitampa sindano yake na uzi wake, nitamwambia ni mimi, nlimimina, nikafukia, nikasema panya. Halafu nitampa barua hii aisome yote, na hapo pa boya la tangi pia. Sitamwambia anisamehe. Hilo ni lake, alitoe siku akitaka, au asilitoe.

Lakini lililo langu lina siku yake. Ijumaa hii ni arubaini yako. Watakuja walewale, Ami Haji, Shangazi Pili, jamaa wa Jang'ombe, na majirani ambao neno limewafikia. Baada ya dua, kabla sinia la mwanzo halijatuliwa chini, nitasimama kwenye mlango wa kati, pale wanaume wa barazani na wanawake wa ndani wanaposikia sauti moja. Nitakuwa na visahani viwili mkononi. Nitasema hii ni pilau ya khitma ya Mama, aliyeitia kwenye pipa ni Suleiman, aliyeua maua ni Suleiman, na aliyekaa kimya kunisitiri ni Riziki. Nitasema mkono wake hauna moto. Mkono wake ndio uliochagua punje hizi. Nitamwomba Shangazi Pili kwa adabu zote arudishe neno lake palepale, kwa sauti ileile aliyolitoa nayo, maana nnajua akilirudisha yeye, kabla ya magharibi mji mzima utakuwa umelisikia. Watakuwa na njaa, kwa hiyo watanisikiliza vizuri.

Riziki akija, nitasema akiwepo. Asipokuja, nitasema vilevile.

Na chakula cha Ijumaa nshamwambia Salma: fungu la majirani litolewe sufuriani kabla mtu hajaosha mikono, sinia zijazwe kidogo, zikipungua ziongezwe, kisibaki cha kupanda juu wala cha kwenda jaani. Kopo, Riziki akirudi nalo, litapata maganda ya viazi vya pilau. Viazi nitavimenya mwenyewe.

Jua limeshaingia nyuma ya tangi, nikatie asumini maji kabla ya magharibi. Nimekaa sana kwenye kigoda chako. Nakinyanyua sasa, nakirudisha palepale ulipokiweka, mtu mwingine asikikalie mpaka mwenye maua arudi.

Pumzika, Mama. Ijumaa, kabla ya sinia.

Mbeba maji wenu,
Sule